Tairi kwanza, difu baadaye: niliyojifunza kwa Swift Sport hapa Unguja

Mtu akinijia kutaka ushauri wa difu ya kubana (difu ni chombo kinachogawa nguvu za injini kwa magurudumu mawili; ya kubana ni ile inayoandikwa LSD kwenye katalogi), huanza kwa kuuliza kampuni ipi nzuri na bei gani. Mimi humrudisha nyuma. Humwomba kwanza ainame asome ubavu wa tairi zake, zote nne, kisha aniambie zimeandikwa nini. Wengi hawajawahi kuzisoma, na siwalaumu. Gari zetu nyingi zinashuka bandarini Malindi zikiwa na tairi alizochagua mtu mwengine, katika nchi nyengine, kwa hali ya hewa nyengine.

Nasisitiza hivyo kwa sababu difu haitengenezi mshiko. Inagawa tu ule ambao tairi zimeupata barabarani. Na kwa gari inayovuta kwa magurudumu ya mbele, jambo hili lina uzito kuliko kwa gari yoyote nyengine.

Gari yangu ni Suzuki Swift Sport, toleo la ZC31S, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2005. Ina injini ya M16A ya lita 1.6, farasi 125, gia tano za mkono, na uzito wa kama kilo 1,060. Kiwandani inatoka na tairi za 195/50R16 na difu ya kawaida. Kwa takwimu hizo si gari ya kumtisha mtu, lakini ni nyepesi na inapenda kona, na ndiyo maana udhaifu wa magurudumu ya mbele unauhisi mapema.

Tairi za mbele za gari kama hii zina kazi tatu: kukata kona, kufunga breki na kuvuta. Mshiko wao ni mmoja, na kila kazi inakata fungu lake humo humo. Ukikanyaga mafuta wakati usukani bado umeukunja, fungu la kuvuta linakua na la kukata kona linapungua, basi gari inaanza kuteleza kwenda nje. Tena gari ikiongeza mwendo uzito unarudi nyuma, na pua inakuwa nyepesi pale pale unapoihitaji iwe nzito.

Hapo ndipo difu inapoingia. Difu ya magari ya leo ina asili yake kwa mtengeneza saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, aliyeisajili mwaka 1827. Kazi yake ni kuliruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani, kwa kuwa kwenye kona la nje lina masafa marefu zaidi. Bila ya hiyo gari ingekuwa inaburuza tairi kila inapogeuka. Ila difu ya kawaida ina sharti moja: nguvu inazipeleka sawa kwa sawa pande zote mbili. Ni kama watu wawili waliobeba gunia kwa mpiko. Mmoja akiulegeza mwisho wake, wa pili hawezi kubeba peke yake, hata awe na mabega mapana namna gani.

Tuiweke kwa hesabu. Uko kwenye kona, gari imelala nje, na gurudumu la ndani limebaki na uzito mdogo, linaweza kushika niutonimita 400 tu kabla ya kuserereka. Difu ya kawaida itampa na mwenzake wa nje 400, ijapokuwa yule wa nje angeweza kushika 1,000. Jumla unapata 800, na ukizidisha mafuta, la ndani linazunguka bure, moshi unatoka, gari haiendi. Difu ya kubana ya gia yenye uwiano wa 2.5, yaani inayompa anayeshika hadi mara 2.5 ya kile anachoshika dhaifu, ingempa wa nje hadi 1,000, na jumla ingefika 1,400. Injini ni ile ile, tairi ni zile zile.

Ukiisoma hesabu hiyo peke yake utakimbilia kuagiza difu leo leo. Mimi nilitaka kwanza kujua hilo gurudumu la ndani linaserereka kwa sababu gani.

Swift yangu ilipofika, tairi mbili za mbele zilikuwa na neno STUDLESS ubavuni. Hizo ni tairi za theluji. Wajapani wa mikoa ya baridi huzifunga kila msimu, na gari ikiuzwa wakati huo inakuja nazo hadi kwetu. Ukizishika ni laini, meno yake yamechanjwa mistari mingi myembamba, na muuzaji atakwambia laini ndiyo inayoshika. Kwenye barafu, kweli. Mpira wake umepikwa kwa ajili ya baridi ya chini ya nyuzi 7. Lami ya Unguja mchana wa Januari inaunguza mguu mtupu, na kwenye joto hilo meno yale yanayumba. Unakata usukani, gari inasubiri kidogo, ndiyo inageuka. Ukiweka mafuta, tairi zinalia kabla hazijavuta kitu. Hali hiyo ukiifungia difu ya kubana, utakachopata ni magurudumu mawili yanayoserereka badala ya moja, na gari itakwenda nje zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa hata lile la nje lililokuwa linakushikia kona umeliondolea mshiko.

Basi nilifanya jaribio. Rafiki yangu mwenye Honda Integra Type R, toleo la DC5, alikuwa na seti ya tairi za michezo za saizi ya Swift, zilizobaki kutoka gari aliyokwisha kuiuza. Tulimwomba ruhusa mtu mwenye kiwanja kilichosakafiwa upande wa Fumba, tukapanga ndoo za rangi tupu kuwa kona, tukapima upepo wa tairi, tukazunguka kwa tairi za theluji, kisha tukabadilisha tukazunguka kwa zile za michezo. Gari haikuguswa kitu chengine. Nasema kiwanja kwa makusudi. Barabara ya Fuoni au ya Bububu haiwezi kuwa pahala pa majaribio haya. Pana watoto wa skuli, baskeli na mbuzi, na hakuna difu itakayomrudisha mtoto wa mtu.

Tofauti ilinishangaza, na bado naiona ni kubwa kuliko kifaa chochote nilichofunga baadaye. Usukani ulianza kusema kweli. Gari ilishika mstari ambao awali haikuujua. Lakini likatokea jambo la pili, nalo ndilo lililonifunza zaidi: gurudumu la ndani likaanza kuserereka waziwazi, kuliko lilivyokuwa kwa zile tairi mbovu.

Nililifikiria sana jambo hili, na sababu yake ni nyepesi. Tairi inaposhika vizuri, unapita kona kwa nguvu zaidi. Ukipita kwa nguvu zaidi, uzito mwingi zaidi unahamia nje. Na gurudumu la ndani linabaki jepesi zaidi. Kwa maana hiyo tairi nzuri ndiyo inayoifichua difu. Kabla ya hapo pande zote mbili zilikuwa zinateleza pamoja na huwezi kujua mkosaji nani. Ndiyo maana nashikilia utaratibu huu, tairi kwanza halafu difu. Bei nayo inaupendelea, lakini hata difu ingekuwa ya bure ningeshauri vivyo hivyo, kwani huwezi kuipima haja ya difu ukiwa juu ya tairi isiyoshika.

Sasa kuzisoma hizo tairi. Yangu imeandikwa 195/50R16 84V. Ile 84 ni uzito, maana yake kila tairi inabeba kilo 500; V ni mwendo, kilomita 240 kwa saa, ambao hapa kwetu hatuuhitaji, lakini herufi hiyo inakwambia pia namna tairi ilivyojengwa kuhimili joto. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa alama ya ubavuni inayoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa tairi za mtumba hiki ndicho kitu cha kwanza kukitazama, kabla ya meno. Mpira unakauka hata usipotumika, na tairi iliyoshinda juani mbele ya duka inakauka upesi zaidi. Meno yanaweza kuwa mazima na tairi imeshakuwa kama gogo. Bonyeza kwa ukucha. Ukucha usipoingia hata kidogo, iache. Michelin inashauri tairi isipite miaka 10 hata ikionekana nzima. Kwa gari ya kuchezea kona mimi sifungi iliyopita mitano.

Kisha kuna alama ya uchakavu inayoitwa treadwear, utaratibu wa Marekani. Tairi ya safari huwa na 400 au zaidi, ya michezo 200 au chini, mfano Yokohama Advan Neova AD08R. Namba ikishuka, kwa kawaida mpira ni laini na unashika zaidi, na unakwisha haraka zaidi. Usilinganishe kampuni na kampuni kwa namba hiyo pekee, kwa sababu kila mtengenezaji anajipimia mwenyewe. Na usiichanganye na ulaini wa tairi ya theluji. Ile ni laini kwa baridi, hii imepikwa ivumilie joto.

Mimi sikuchukua tairi za daraja la 200. Nilichukua za katikati, kama 300, zenye mifereji mipana, na sababu ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ya hapa inamwaga, na yapo maeneo mjini maji yanasimama barabarani. Tairi za michezo kali zina mifereji michache, na kina chake hata zikiwa mpya ni kifupi kuliko cha tairi ya kawaida. Zikifika milimita 3 zinaanza kuelea juu ya maji. Ukiongeza mchanga unaopeperuka kwenye lami kule Paje na Jambiani, na vumbi jeupe la kifusi linaloletwa na magurudumu kutoka njia za ndani, unaona kwamba sehemu kubwa ya mwaka barabara zetu hazimpi mtu nafasi ya kuufaidi ule ulaini. Anayeishi karibu na uwanja wa mashindano atachagua vyengine, na atakuwa sahihi.

Na jambo moja nalisema kwa mkazo: nunua nne. Wapo wanaofunga mbili nzuri mbele, kwa hoja kwamba mbele ndiko kunakovuta, na nyuma wakaacha zilizochoka. Kwenye mvua, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unakuja mbele, zile nzuri zinashika, za nyuma zinaachia, na mkia unakupita. Mbele ikiteleza dereva anahisi kwenye usukani. Nyuma ikiteleza anajua wakati gari imeshageuka. Watengenezaji wakubwa, Michelin miongoni mwao, wanashauri zilizo mpya zikae nyuma hata kwa gari inayovuta mbele.

Baada ya tairi na shokapu mpya, gurudumu la ndani bado lilikuwa linazunguka bure nikitoka kona za gia ya pili. Hapo nikaridhika kwamba sasa ni zamu ya difu.

Aina kuu za difu ya kubana ni mbili. Ya pleti ina sahani za msuguano ndani yake zinazobanwa pamoja unapokanyaga mafuta. Inabana kwa nguvu, na inafanya kazi hata gurudumu moja likiwa hewani, ndiyo maana watu wa rali wanaipenda. Inakuja kwa aina: inayobana ukikanyaga mafuta tu, inayobana kidogo pia ukiachia, na inayobana sawa pande zote. Kwa gari ya mbele hiyo ya mwisho iache, maana ukiachia mafuta kuingia kona itashikilia magurudumu yaende pamoja na gari itakataa kugeuka. Ya pili ni ya gia, kama ATB ya kampuni ya Quaife. Hii haina sahani. Ina gia za meno ya mshazari ambazo zikipata mzigo zinajisukuma ukutani na kuhamisha nguvu kwa upande unaoshika. Inafanya kazi taratibu bila kishindo. Ford waliiweka ya Quaife kwenye Focus RS ya mwaka 2002, na Honda wameiweka ya aina hiyo ya gia kwenye Integra Type R ya rafiki yangu tangu kiwandani.

Niliendesha Integra hiyo, na niliendesha pia gari ya jamaa mmoja wa Dar es Salaam yenye ya pleti. Ya pleti ilitoka kwenye kona kwa nguvu ambayo ya gia haifiki, sitalificha hilo. Lakini kuegesha nayo ilikuwa kazi. Kila ukikata usukani wote inagonga na kunguruma, usukani unataka kurudi wenyewe. Swift yangu ndiyo inayompeleka mama sokoni Darajani na kliniki, na siwezi kumpa gari inayopiga kelele kila ikigeuka. Zaidi ya hapo kuna mafuta. Kwa gari za namna hii difu na giaboksi vinakaa ndani ya nyumba moja na vinakunywa oili moja. Sahani zinasagika, unga wake unazunguka pamoja na oili hadi kwenye beringi na vishaba vya kuingizia gia, basi lazima oili ibadilishwe mara kwa mara, na iwe ya aina maalumu, ambayo hapa kisiwani mtu anaisubiri ije na boti. Ya gia inatumia oili ya kawaida ya giaboksi. Mimi natumia 75W-90 ya daraja la GL-4. Usikubali kutiliwa GL-5 ya difu za nyuma kwa hoja kwamba "hii nayo ni difu"; baadhi yake zina dawa inayokula vile vishaba.

Udhaifu wa difu ya gia ni mmoja na lazima uujue. Inazidisha kile ambacho gurudumu dhaifu linashika. Likishika sifuri, yaani likiwa hewani au ndani ya shimo la mchanga, sifuri mara 2.5 ni sifuri, na unabaki na difu ya kawaida. Dawa yake ni kugusa breki kidogo huku mguu mwengine uko kwenye mafuta: breki inalitia ukinzani gurudumu linalozunguka, na difu inapata cha kuzidisha.

Kazi ya kuifunga aliifanya ami yangu, gereji yake iko Mwanakwerekwe. Nilikuwa na wasiwasi, nikamuuliza, "Ami, haitaki kupimwa mng'ato wa meno kama difu ya Hiace?"

"Hapana, mwanangu. Gia za hii zimekaa sambamba na ekseli, si kama zile za nyuma zinazokutana kwa pembe. Hapa kazi yote iko kwenye beringi. Ukizikaza mno zitaungua, ukizilegeza difu itacheza."

Alipima kwa subira unene wa shimu, vile vibati vyembamba vya kurekebisha mkazo wa beringi, akabadilisha beringi zote mbili na sili za ekseli. Giaboksi ilikuwa tayari chini, kwa hiyo tukatia na klachi mpya. Fanyeni hivyo, kwani gharama ya kuishusha ni ile ile. Akazikagua pia mpira zinazofunika sivijointi, yaani viungo vya ekseli, kwa sababu ekseli ya nje sasa inapokea mzigo ambao haikuwahi kuupokea, na chumvi ya bahari inazikausha mpira hizo mapema.

Gari ilibadilika. Kwenye kona ile ile ya ndoo, ukikanyaga mafuta taratibu pua inavutwa ndani badala ya kusukumwa nje, na hisia hiyo mara ya kwanza inafurahisha kweli. Ila usukani sasa una nguvu zake. Tairi moja ikiwa kwenye mchanga na nyengine kwenye lami, unavutwa upande unaoshika. Mikono miwili, siku zote. Mvuto huo unazidi kwa wenye kupenda rimu zilizotoka nje ya madigadi ya gari, kwa kuwa gurudumu likisogezwa nje linapata wenzo mrefu zaidi wa kuuvuta usukani. Mimi nilibaki na rimu za kiwandani na nimeridhika nazo. Alaimenti ya mbele nimeiweka magurudumu yanyooke, si ya kufunguka kwenda nje, na utulivu umeongezeka.

Upepo nao upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kila nyuzi 5 au 6 za joto zinaongeza kama psi moja, na ukijaza saa nane mchana baada ya kutoka Nungwi utakuwa umejidanganya.

Mtoto wa ami, anayekaa Chake Chake, ana Vitz RS na anataka difu. Pemba si kama Unguja. Kule kuna vilima, na kona za kupanda za njia ya Wete gurudumu la ndani linaserereka kweli, hoja yake naielewa vizuri. Nilimwambia anitumie picha ya ubavu wa tairi. Mbele zina miaka tisa, nyuma ni za theluji. Tumekubaliana ataanza na tairi nne mpya, aendeshe nazo masika yote, na gurudumu likiendelea kuserereka lami ikiwa kavu, nitamwagizia ya gia na ami atavuka na boti kwenda kuifunga.